Mto Haungoji Shauri

 Leo tumepewa nafasi ya kusema nanyi juu ya mafuriko, na jinsi watu wa nyumba moja wawezavyo kujiweka tayari kabla maji hayajafika. Sisi ni walimu. Kazi yetu ni kuwafunza wale watakaokuwa walimu. Hatukuja kujifanya mabingwa wa mito. Twaja kuwaeleza yale tuliyoyapata katika vitabu na katika habari za miaka iliyopita, na mengine tuliyojifunza kwa kosa letu wenyewe, kama mtakavyosikia.

Neno letu kubwa ni moja tu, nalo ni hili: shauri la mafuriko hufanywa jua likiwaka. Mtu angojaye kuona maji mlangoni ndipo aulize, "Twende wapi? Nani atamchukua bibi? Ufunguo wa sanduku uko wapi?" huyo amekwisha kuchelewa, maana mto hauketi barazani kungoja watu wamalize maneno yao.

Na tuutwae mto Rufiji uwe mfano wetu. Mto huu hupata maji yake katika mito mitatu mikubwa: Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu. Mito hiyo nayo hukusanya mvua za nchi za mbali, kama Iringa, Mbeya na Songea. Kwa hiyo mtu aliyeko Utete aweza kuona mbingu nyeupe, jua kali na vumbi njiani, na huku maji mengi yamo safarini yakimjia. Wazee wetu walisema kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Ni kweli, lakini dalili ya mafuriko katika bonde la mto mkubwa yaweza kuwa ni wingu lililo mbali sana, ambalo jicho la mtu wa bondeni haliwezi kuliona.

Je, kwa nini watu hawahami moja kwa moja wakaliacha bonde? Wako watu wa mjini waulizao swali hili kwa dharau kidogo, kana kwamba watu wa mtoni hawana akili. Sisi twasema, wanayo akili, tena nyingi. Mto ukifurika huacha matope yenye rutuba, na mpunga hustawi. Maji yakipungua, Warufiji hupanda mazao ya mlau katika ardhi ile iliyo bado na unyevu, nao huvuna wakati ambapo mashamba ya juu ni makavu. Bonde lile lile linaloogopesha ndilo linalolisha. Mwaka 1968 palikuwa na mafuriko, na baada yake Serikali iliwahamisha watu wengi wa bondeni wakakae katika vijiji vya nchi ya juu. Walakini mashamba hayakuweza kuhamishwa. Watu walizidi kuteremka kwenda kulima, na wakati wa kazi wengi walilala huko huko mashambani. Mwaka 1974 mafuriko makubwa yalikuja tena, na mwezi wa Aprili 2024 maji yalifunika mashamba na nyumba nyingi katika wilaya za Rufiji na Kibiti. Basi kumwambia mtu, "Liache bonde," ni neno jepesi kinywani, bali ni zito tumboni. Yafaa zaidi kuulizana: wakati tukiwamo bondeni, tutatokaje salama siku ile?

Wazee wa Rufiji walikuwa na majibu yao. Walijenga dungu, yaani kibanda kilichosimama juu ya nguzo ndefu, ambamo mtu aliweza kulinda mpunga wake na kukaa juu ya maji yaliyopanda pole pole. Tena waliweka mtumbwi karibu. Hayo ni mambo ya busara, nasi hatuyadharau. Lakini dungu lina kiasi chake. Nguzo iliyopimwa kwa mafuriko ya mwaka mmoja haijui mafuriko ya mwaka mwingine. Siku hizi pia liko Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa maji mwezi wa Desemba 2022. Bwawa la namna hii laweza kuzuia mafuriko madogo. Lakini likijaa, hapana budi maji yapitishwe. Kwa hiyo anayekaa chini ya bwawa asiutazame mto tu, bali asikilize na matangazo.

Hiyo ndiyo namna ya kwanza ya mafuriko: mto mkubwa unaopanda kwa siku kadhaa. Iko namna ya pili, nayo ni ya ghafula. Mvua hunyesha mlimani, na korongo lililokuwa kavu asubuhi hushusha maji, mawe na magogo kabla ya jioni. Tarehe 3 Desemba 2023, mapema asubuhi, tope na mawe viliporomoka kutoka Mlima Hanang vikaingia Katesh na vijiji vya karibu, na watu zaidi ya 80 walikufa. Mwezi wa Desemba 2011, maji ya bonde la Msimbazi katikati ya mji wa Dar es Salaam yaliwaua watu na kuwaacha wengi bila makao. Mafuriko ya namna hii hayampi mtu siku mbili za kujifikiri. Aghalabu hayampi hata saa moja.

Sasa tutasimulia kosa letu. Chuo chetu kimejengwa juu ya kilima, na karibu yake iko shule ndogo ambamo wanafunzi wetu hujizoeza kufundisha. Baadhi ya watoto wa shule hiyo hutoka ng'ambo ya korongo. Katika uwanja wetu tuna kipimo cha mvua, na kila asubuhi mwanafunzi mmoja hukisoma na kuandika hesabu ubaoni. Miaka kadhaa iliyopita, katika masika, mwanafunzi wa zamu aliandika kwamba usiku ule zimenyesha inchi 3. Tulimsifu kwa mwandiko wake mzuri. Kisha tukaingia darasani.

Mchana jua lilitoka. Saa nane kengele ililia kama desturi, na watoto wakaenda zao. Walipofika kivukoni, maji yalikuwa yakiwafika magotini. Mkubwa wao akasema, "Hapa twavuka kila siku," wakashikana mikono wakaingia. Walipofika katikati, maji yaliongezeka. Wanane walifika ng'ambo. Wa tisa, mtoto wa kiume mwenye umri wa miaka tisa, alichukuliwa. Kwa rehema za Mungu alinaswa katika mizizi ya mkuyu, akaishika, na mtu mmoja aliyekuwa akikata mianzi karibu na hapo alimtupia kamba akamvuta.

Yule mtu alimleta mtoto kwetu akiwa amemfunika shuka yake. Hakututukana. Alisema tu, "Walimu, korongo hili linanguruma tangu saa sita. Ninyi mliomo darasani hamkusikia?"

Hatukuwa na la kujibu. Tulikuwa na kipimo. Tulipima, tukaandika, tukanyamaza. Hesabu ile ilikuwa ubaoni tangu asubuhi, wala hakuna mmoja wetu aliyejiuliza maana yake ni nini kwa mtoto wa ng'ambo.

Tangu siku ile tuna kanuni. Ikiwa usiku mmoja zimenyesha inchi 2 au zaidi, au mawingu meusi yamekaa mlimani, mwalimu mmoja huenda kulitazama korongo kabla ya adhuhuri. Akirudi na habari mbaya, watoto wa ng'ambo hawaendi kwao. Kila mtoto anayo nyumba yake ya kulala upande huu, tuliyopatana na wenyewe wakati wa kiangazi, na mama yake anaijua. Hivyo mama hakimbilii mtoni kumtafuta mwanawe, maana anajua amelala kwa nani. Mapatano hayo hayakugharimu hata senti moja. Yaligharimu jioni moja ya mazungumzo.

Jioni kama hiyo ndiyo tunayowaomba mwifanye nyumbani mwenu. Mketi baba, mama, wazee na watoto, mkapatane juu ya mambo matano.

La kwanza ni mahali. Chagueni mahali pa juu mtakapokwenda, kisha mwende kwa miguu mkapaone. Waulizeni wazee, "Maji ya mwaka ule yalifika wapi?" nanyi mchague mahali palipo juu zaidi ya hapo, kwa kuwa alama ya zamani si mpaka ambao maji yaliapa kutouvuka. Angalieni njia: je, yapita katika korongo lolote? Ikiwa yapita, si njia ya kuokokea. Tafuteni nyingine. Kisha mwipite mara moja usiku, maana njia inayojulikana mchana huwa ngeni gizani.

La pili ni watu. Kila mtoto mdogo awe na mkubwa wake kwa jina: fulani atamshika fulani. Msiseme, "Tutasaidiana," kwa kuwa katika giza na kelele kila mmoja hudhani mwenzake amemshika mtoto. Wagonjwa, wazee na mama waliokaribia kujifungua waondoke mapema, wala wasingoje kuondoka na kundi. Na kama katika nyumba yuko mzee asiyependa kutoka, msimngoje hadi siku ya maji ndipo mbishane naye. Mwulizeni sasa kwa adabu, "Babu, ni kitu gani usichoweza kukiacha?" Akisema ni jembe la marehemu baba yake, msimcheke, jembe hilo liwekeni katika mzigo wa kwanza. Mtu anayejua kwamba kitu chake kimechukuliwa hutoka upesi.

La tatu ni vitu. Fungeni mzigo mmoja ambao mtu mmoja aweza kuuchukua na bado akabaki na mkono mmoja wa kumshika mtoto. Ndani yake wekeni blanketi, kiberiti katika kopo lenye kifuniko, taa au tochi, dawa za wagonjwa, chumvi na sukari, chakula kisichohitaji kupikwa, na hati za shamba na vyeti vilivyofungwa katika mfuko wa nailoni. Msisahau mbegu. Mtu aliyeokoa nafsi yake bila mbegu atautazama udongo mzuri wa mlau asiwe na kitu cha kuupanda. Wekeni sehemu ya mbegu kwa ndugu au rafiki anayekaa nchi ya juu tangu mwanzo wa masika. Nafaka iliyobaki nyumbani ipandishwe darini. Mbuzi na ng'ombe wafunguliwe kamba mapema. Mnyama aliyefungwa hana shauri lake mwenyewe.

La nne ni alama. Karibu na mto simamisheni mti, mkaupake rangi mahali patatu. Maji yakifika alama ya kwanza, wanyama waondolewe na mizigo iwekwe mlangoni. Yakifika ya pili, wazee na watoto waende. Yakifika ya tatu, asibaki mtu. Usiku wekeni zamu ya kuitazama. Lakini kumbukeni kwamba mti huu wafaa kwa mto unaopanda pole pole. Kwa wakaao chini ya mlima au kando ya korongo, alama ni mvua yenyewe na mngurumo; nao wakisikia, waondoke kwenda pembeni na juu, wala wasikimbie kufuata korongo kwenda chini. Tena sikilizeni habari za Mamlaka ya Hali ya Hewa. Hutumia maneno matatu yenye daraja: Angalizo, Tahadhari, na Tahadhari kubwa. Mfundisheni kila mtoto kuyatofautisha, kwani pengine yeye ndiye atakayeyasikia kwanza.

La tano ni kutorudi na kutovuka. Hapa twasema kwa nguvu. Maji yanayokwenda kasi, yenye kina cha inchi 6 tu, yaweza kumwangusha mtu mzima. Yakifika futi 2 yaweza kulielesha gari na kulichukua. Msishangae: debe moja la maji lina uzito wa kilo 20 hivi, na mama zetu wanaujua uzito huo vichwani mwao. Basi fikirini madebe elfu yakisukuma miguu ya mtu kwa pamoja. Zaidi ya hayo, maji ya mafuriko ni machafu, hayaonyeshi shimo wala gogo. Na katika mto kama Rufiji yamo mamba na viboko, ambao nao wametawanyika. Aliyekwisha kutoka asirudi kwa ajili ya kuku, wala sufuria, wala fedha. Mkipanda mtumbwi, msiujaze kupita kiasi. Ni afadhali safari mbili salama kuliko moja isiyofika.

Sasa neno juu ya siku za baadaye, maana hatari haiondoki pamoja na maji. Nyumba ya udongo iliyolowa yaweza kusimama siku nzima, kisha ikaanguka inapokauka. Msilale ndani kabla ya kuzitazama kuta na nguzo zake. Nyoka hukimbilia mahali pakavu kama watu wakimbiliavyo. Fukunyueni vyombo na nguo kwa fimbo, si kwa mkono. Kisima kilichofunikwa na mafuriko kimeingiwa na uchafu wa vyoo, nacho huleta kipindupindu. Maji ya kunywa yachemsheni mpaka yatokote sawasawa, au yatieni dawa ya klorini kama bwana afya atakavyowaelekeza. Chimbeni choo mbali na maji na chini ya mahali mnapoteka. Lala­ni ndani ya chandarua, kwani madimbwi huzaa mbu.

Mtu akishikwa na kuhara, mpelekeni zahanati upesi, na njiani mpeni maji haya: lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Pimeni sawasawa, chumvi ikizidi yadhuru. Anywe kidogo kidogo, mara nyingi. Mtoto anyonyaye aendelee kunyonya.

Nanyi vijana wa shule, tunayo kazi ya kuwapa. Leo jioni waulizeni wazee wenu maswali matatu: Maji yakija usiku, tutakwenda wapi? Mimi nitamshika nani, na nani atanishika mimi? Mbegu zetu ziko wapi? Ulizeni kwa heshima, si kama mtu anayemhoji mwenzake. Majibu yaandikeni katika daftari mkamwonyeshe mwalimu. Ikiwa wazee wenu watasema, "Maswali haya hatujapata kuyafikiri," msiwacheke. Hata sisi tulikuwa na kipimo cha mvua uwanjani, na hatukufikiri.

Yule mtoto aliyeshika mizizi ya mkuyu amekua. Kila mwaka masika yanapoanza twaisimulia habari yake kwa wanafunzi wapya wa chuo, nao huuliza jina la yule mkata mianzi aliyekuwa na kamba. Twawaambia kwamba jina si neno kubwa. Neno kubwa ni kwamba alikuwa amelisikia korongo, na kamba yake ilikuwa karibu.

 Twawaombea masika yenye heri, mpunga mwingi, na nyumba zisizopungukiwa na mtu.